Suke Lako Lisibaki Rafuni

Tabita mwanangu,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na kwa mvua hii sidhani kama utarudi kabla ya jioni. Nimeona nitumie mchana huu kukuandikia. Kesho asubuhi, lori la Mbeya likishaanza kupiga honi mbele ya forodha, tutasema yale yanayosemwa na watu wanaosindikizana: umechukua shuka, umefunga sanduku, haya, nenda salama. Nimesafiri vya kutosha kujua kwamba kando ya lori hakuna anayesema jambo la maana.

Mambo ya kila siku nayaacha. Shangazi yako amekwisha kukueleza habari za maji ya kuchemsha, za watu wa kwenye treni, na za samaki wa Tanga ambao utalazimika kuwala hata wakinuka. Mimi sijawahi kufika Tanga, wala sijui lolote kuhusu mafunzo ya uuguzi, kwa hiyo huko sitii mguu.

Nina jambo moja. Leo asubuhi, nilipokuwa nikifuta vumbi kwenye rafu ya mihuri, niliuona muhuri wako. Umeuacha. Najua hukuusahau, kwa sababu mtu anayesahau kitu hakifungi kwanza kwenye kitambaa safi na kukiweka karibu na cha baba yake. Umeuacha kwa makusudi, na nadhani najua makusudi yenyewe. Nataka kukueleza kwa nini hayafai.

Nitaandika kama ninavyoliandikia gazeti, kana kwamba msomaji hajui kitu, maana mengine yalitokea ulipokuwa bado unabebwa mgongoni.

Mama yako aliianza kazi hii kabla hujazaliwa. Wanaume wengi wa Ndalambo na Msangano walikuwa wamevuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Kopabelt, na wake zao walikuwa wanakuja kwangu niwaandikie barua, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa gazeti na wino haukukosekana ndani. Barua zote zilifanana: sisi huku wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mama yako alikuwa akisikiliza huku anapepeta ulezi wake. Siku moja akaniambia, “Unamwandikia mtu ambaye atasomewa na mwenzake. Mambo ya mke wake yanasikiwa na bweni zima.”

Akachukua tyubu kuukuu ya baiskeli yangu, mkasi na wembe. Akakata umbo la kibuyu. Akakibandika kwenye kipande cha mti kwa gundi ya pancha, na hicho kikawa ndicho yeye. Mimi akanikatia gurudumu la baiskeli, kwa sababu ndilo aliloliona mara nyingi kuliko uso wangu. Wewe ulizaliwa wakati wa kuvuna, akakukatia suke la ulezi lenye vidole vitano vilivyojikunja. Kidole kimoja kilikatika nusu ulipoanza kuota meno ukautafuna muhuri wako mwenyewe, ndiyo maana mpaka leo unatoka na vidole vinne na nusu.

Wanawake walipoona, nao wakataka. Kila nyumba ikawa na mihuri yake: panzi, chungu, jembe, nyuki. Kadi za kutuma badala ya barua tulizikata kwenye maboksi ya mashati tuliyopewa na Mhindi wa dukani, tukitumia upande wa ndani usiong'aa. Wino mweusi ulikuwa masizi ya kibatari na utomvu, pamoja na tone la asali ili usikauke upesi. Wa buluu ulikuwa buluu ya kufulia. Ilipokaribia Krismasi ukumbi wetu ulijaa watu waliosubiri kugongewa familia zao.

Utaratibu aliuweka mama yako, na watu wakaushika. Aliyepo nyumbani anagongwa kwa wino kamili. Aliye mbali anagongwa wino wa pili, yaani muhuri unapigwa kwanza kwenye gazeti la zamani, kisha bila kurudishwa kwenye wino unapigwa kwenye kadi, na alama inatoka ya kijivu. Mtoto mchanga ambaye bado hajapata alama yake ni kifaranga. Aliyekufa hagongwi. Mwanamume anayeishi bwenini aliweza kuisoma kadi yake peke yake, wala mwenzake wa kitanda cha pili asingejua kilichoandikwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la asali. Mwaka mmoja mama yako alikuwa Ibaba akimuuguza bibi yako, nami nikabaki na kazi ya kadi. Kulikuwa na jua kali, wino ulikuwa unakauka kwenye kipande cha blanketi tulichochovyea mihuri kabla sijakigusisha muhuri, nikaongeza asali. Nikaongeza tena. Alama zilitoka nzuri, zinameta. Lori la posta lilikuwa linaondoka, na mimi nimezoea kuwahi posta. Nikazipanga kadi moja juu ya nyingine, nikafunga furushi, nikatuma. Kitu pekee kilichonishtua ni sisimizi waliolifuata furushi mpaka mlangoni, na hao niliwakung'uta nikaendelea na shughuli zangu.

Ulezi ulikuwa haujakomaa alipofika Yotamu, ndugu wa ukoo wa mama yako. Alikuwa ametoka mgodini moja kwa moja, bado amevaa koti lao la buluu, na hakwenda kwake Msangano. Alikuja kwangu. Alikaa, akavua kofia, akatoa kadi ndani yake.

“Mulamu,” alisema, maana ndivyo watu wa ng'ambo wanavyomwita shemeji, “wewe ndiye mtu wa habari. Nisomee hii.”

“Unajua kuisoma mwenyewe.”

“Najua. Huyu wa kijivu ni mimi. Chungu ni mke wangu. Panzi ni Eliya. Na huyu?” Aliweka ukucha kwenye kifaranga kidogo kilichofifia pembeni. “Huyu nilimwacha wapi? Huu ni mwaka wa pili sijakanyaga Msangano. Au siku hizi mtu anaweza kutuma watoto kwa posta?”

Nilimwambia alale kwetu mpaka kesho. Nilitaka muda, na nilitaka apoe. Lakini habari hupita njia zake, na asubuhi mkewe alikuwa amefika, miguu imejaa tope, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kulima.

“Wako wapi wanaume wanaojua nimezaa lini?” aliuliza kutoka uani. “Nimekuja kumchukua mtoto wangu. Maziwa yananiuma.”

“Mama Eliya, ingia kwanza,” nilimwambia.

“Siingii. Nileteeni mtoto hapahapa. Tena mniambie na jina, maana mimi nilisahau kumpa.”

Mama yako, ambaye alikuwa amerudi kutoka Ibaba, aliichukua ile kadi akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Aliigeuza huku na huku. Kisha akasema, “Kifaranga hiki si changu. Vifaranga vyangu vyote vinatazama kushoto. Hiki kinatazama kulia.”

Nilielewa hapo hapo. Nilileta muhuri wa kifaranga, nikaugonga kwenye karatasi mbele yao. Kilitazama kushoto. Juu yake, wino ukiwa bado mbichi, nikalaza karatasi nyingine nikaikandamiza kwa kiganja. Nilipoibandua, kifaranga kilikuwa kimehama, kimefifia, na kinatazama kulia. Yotamu aliweka karatasi na kadi pamoja, akaangalia, akaangalia tena.

“Kwa hiyo ni wa nani?”

“Ni wa kadi iliyolala kifudifudi juu ya yako kwenye furushi.”

“Mnaona?” Mama Eliya alisema, akafungua kanga na kukaa chini kizingitini. “Kadi zinalala na majirani, ninashtakiwa mimi.”

Tulicheka wote, na Yotamu alicheka kuliko sisi. Lakini alikuwa ameacha kazi bila ruhusa, na nafasi yake alipewa mtu mwingine. Hakurudi tena mgodini. Nilimwomba radhi, akasema, “Basi, mulamu. Asali yako imenirudisha kulima.” Alisema bila hasira. Mpaka leo nikipita Msangano nikamwona ameinama shambani, nakumbuka kwamba yeye hakuchagua kuwa pale. Tangu mwaka ule hakuna kadi iliyotoka nyumbani kwetu bila kukaushwa kwenye kamba, hata lori lingurume vipi. Hiyo ndiyo kamba iliyokuwa ikikunasa shingo kila Desemba.

Kosa la pili lilinihusu mimi na mama yako tu, na wewe ulikuwepo ingawa sidhani kama ulifuatilia. Ulikuwa umeanza darasa la kwanza. Mwaka huo nilizunguka sana. Kulikuwa na nzige, kulikuwa na lori lililopinduka kwenye mteremko, kulikuwa na baraza la wazee lililokwenda wiki nzima. Nilirudi siku moja kabla ya Krismasi, nikaweka baiskeli ukutani, nikakaa mezani nikaanza kuandika, kwa sababu habari ilikuwa bado ya moto.

Ninyi wawili mlikuwa upande wa pili wa meza hiyo hiyo mnagonga kadi ya bibi yako. Kibuyu kilitoka cheusi. Suke likatoka jeusi. Halafu mama yako akachukua gurudumu, akalipiga kwanza kwenye gazeti la zamani, ndipo akalipiga kwenye kadi.

“Mimi nipo hapa,” nilimwambia.

“Najua.”

“Basi nigonge sawasawa.”

“Nimegonga ninavyoona.”

Wahariri wamenikata habari zangu kwa kalamu nyekundu maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kunisahihisha kwa maneno machache kiasi kile. Nilimwambia kwamba amekosea, kwamba utaratibu ni wake mwenyewe na unasema aliyepo ni mweusi. Aliinua kadi akaitundika kwenye kamba. Nikarudi kwenye nzige wangu. Baadaye bibi yako aliwauliza watu waliopita Ibaba kwa nini sikuwa nyumbani Krismasi, nao wakamhakikishia kwamba nilikuwepo, walinisalimia kanisani. Alibaki anashangaa. Mama yako hakuwahi kumfafanulia, wala mimi.

Ningependa kukuandikia kwamba nilibadilika mwaka ule. Sikubadilika. Nilianza kukaa nyumbani mama yako alipoanza kuumwa, yaani nilichelewa, na ule muda tulioupata baada ya hapo ulikuwa wa dawa na wa kugeuza mto. Unakwenda kujifunza kazi ambayo itakupendeza. Nimekuona unavyofunga bandeji. Nami niliipenda kazi yangu hivyo hivyo, na kuipenda kwangu ndiko kulikonifanya niwe wa kijivu mezani pangu. Sikukatazi kitu. Nakueleza kilichonipata.

La tatu ni lako na mimi. Krismasi ya kwanza baada ya mazishi, uliipanga mihuri mitatu mbele yako ukaniuliza, “Baba, mama tunamgonga wino wa pili? Si yuko mbali?”

Nikakujibu, “Hapana. Aliyekufa hagongwi.”

Ukasema, “Haya.” Hukulia. Ulichukua kibuyu ukakitia kwenye mfuko wa gauni lako, na ukatembea nacho masika yote, shuleni na kisimani, mpaka ulezi ulipovunwa. Siku moja nikakikuta kimerudi rafuni, kimefutwa. Hatukukizungumzia. Nilikuwa sahihi siku ile, Tabita, na mpaka leo naamini nilikuwa sahihi. Ila ningeweza kuwa sahihi kesho yake. Ningeweza kukuacha ukae na swali lako hata usiku mmoja. Nilijibu kama mtu anayewahi lori la posta.

Tangu hapo kadi yetu imekuwa na alama mbili, gurudumu na suke, zote nyeusi. Zilitutosha.

Sasa nirudi kwenye rafu. Wiki iliyopita, ulipokuwa unapiga pasi, ulisema kama mzaha, “Hata nikiwa Tanga, baba, nitaonekana tu kwenye kadi. Wa kijivu, lakini nitaonekana.” Nilicheka nikaendelea kusoma. Leo nimeelewa kwamba ulikuwa umeshaamua. Umeona kwamba ukiondoka na muhuri wako, kadi ya nyumba hii itabaki na gurudumu peke yake, na kila atakayeipokea atanionea huruma. Ukaniachia suke nijaze nafasi. Ni wema, na umefanana na mama yako kwa kuufanya bila kutangaza.

Nilijaribu. Asubuhi hii nilitengeneza wino, nikagonga suke lako kwenye gazeti, kisha kwenye kadi. Lilitoka kijivu safi, vidole vinne na nusu. Nililiangalia kwa muda mrefu. Kisha nikajiuliza swali ambalo nawauliza vijana wanaoniletea habari: umejuaje?

Sitakuwa najua. Desemba itafika, nami nitakugonga, na maana ya alama hiyo ni kwamba Tabita yuko mbali, mzima, na ni wa nyumba hii. Nitakuwa nimeitangaza habari yako bila kukuuliza. Unaweza kuwa unaumwa, suke litatoka. Unaweza kuwa umenikasirikia, suke litatoka. Unaweza kuwa umepata nyumba yako huko na mtu wako na alama nyingine, na mimi huku nitakuwa nagonga suke lile lile, kila mwaka sawasawa, mkono wangu ukijibu kwa niaba yako. Katika kazi yangu sijawahi kutuma habari ya mahali ambapo sikufika wala sikumpata mtu wa kuniambia. Sitaanza na mwanangu.

Kwa hiyo muhuri wako nimeutia kwenye sanduku, katikati ya zile nguo mbili za kijani, pamoja na kopo dogo la wino. Asali niliyotia ni tone moja. Huko pwani wanasema hewa ina unyevu, basi acha kadi zikauke zaidi kuliko huku, na usizipange moja juu ya nyingine hata kidogo. Utakapogonga, shika karatasi kwa vidole vya mkono wa kushoto, bonyeza mara moja, inua wima. Usiuzungushe muhuri kuona kama umekamata. Umekamata.

Na jambo ninalotaka ulielewe kuliko mengine: ukiwa Tanga, jigonge mweusi. Najua utaratibu wa mama yako, kwamba kwa hesabu ya nyumba hii wewe uko mbali. Lakini kadi itakuwa imetoka kwako, na kwako utakuwa upo. Usijigonge kijivu kwa ajili yangu. Nataka nipokee kadi yenye suke jeusi nijue kwamba kuna mahali upo mzima, umekaa, hujagawanyika.

Nyumba itakuwa kimya. Nakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo itakavyokuwa, si ili ubaki. Leo, na hujaondoka bado, nimekwisha kusikia mambo ambayo sikuwa nayasikia: mlango wa jikoni unaogonga, maji yanayodondoka kwenye debe nyuma. Nitapika mwenyewe na nitapika vibaya. Watu watapita kuniuliza habari, na nitawapa. Usiku wakienda nitafanya kazi. Hayo nimeyapima, na naona naweza.

Kwenye bahasha hii kuna kadi. Upande wa kushoto nimegonga gurudumu, wino kamili, na imekauka kwenye kamba tangu asubuhi. Upande wa kulia ni mtupu. Ukishafika na kupata mahali pa kuweka kopo la wino, gonga suke lako hapo, likauke, unirudishie. Hata ukichelewa. Nitakuwa najua kwamba nafasi ile inasubiri mtu mmoja tu.

Mvua imepungua. Nasikia sauti yako na ya shangazi yako barabarani, mnabishana kuhusu viatu. Nafunga.

Ile kadi niliyoijaribu, yenye suke la kijivu, nilidhani ningeichoma. Sijaichoma. Nimeisimamisha rafuni, pale pale ulipouweka muhuri wako. Hiyo sitaituma kwa mtu yeyote.

Baba yako